Sayari Iliyokuwa na Kwikwi

Mwanamke ninayemweleza hapa alikuwa fundi wa mapambo katika kituo cha televisheni kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vilivyopaswa kuonekana kama vitu vingine: mkate wa sifongo, ukuta wa maboksi, theluji ya chumvi na pamba. Kazini walimwita Mama Vyombo, kwa sababu vyombo vya anga alivyoviunda kwa ajili ya tamthilia moja mashuhuri vilitoka moja kwa moja jikoni kwake. Chombo kikuu, kile ambacho watoto wa wakati ule walikichora madaftarini badala ya kuandika imla, kilikuwa sufuria mbili zilizokutanishwa mdomo kwa mdomo, chujio la chai mbele na mipini ya vijiko nyuma. Ninalo la kulithibitisha hilo: niliwahi kupakuliwa chakula kutoka sufuria mojawapo, baada ya chombo hicho kustaafu safari zake.

Mumewe alikuwa mwalimu wangu mkuu. Nilifundisha chini yake miaka tisa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti isiyopanda, na kichwa kisichokuwa na unywele hata mmoja tangu alipotimiza miaka thelathini. Wanafunzi walimwita Mwezi Mpevu. Alipojitokeza penye kona ya jengo, mmoja alinong'ona, “Umechomoza,” na madarasa matatu yakanyamaza kama maji mtungini. Yeye alilijua jina hilo, wala hakumwadhibu mtu kwa sababu yake. “Jina la utani ni kodi ya cheo, Mwalimu,” aliniambia siku moja. “Anayeikwepa hutozwa mara mbili.”

Kosa ambalo hakulisamehe lilikuwa moja, nalo ni kuangalia tamthilia ile. Ilisimulia habari za wasafiri tisa waliopotea angani wakaangukia sayari nyekundu, na ilirushwa kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kila sehemu ilianza kwa namna ileile. Giza, sauti ya kinanda, kisha sayari ikijitokeza taratibu, kubwa, nyekundu, yenye mabonde na vumbi. Lililotustaajabisha ni kwamba sayari hiyo ilikuwa hai. Upande wake mmoja ardhi ilipanda na kushuka, kidogo mno, kwa mpigo wa polepole, kana kwamba chini yake kulikuwa na kiumbe kilicholala. Magazeti yaliandika juu ya mpigo ule. Watu wazima walibishana juu yake. Mama Vyombo alipoulizwa alijibu tu kwamba kila fundi ana kabati lake la kufungia.

Na kila Jumatatu asubuhi, mbele ya wanafunzi mia sita, mumewe alisimama akauliza nani aliangalia. Wajinga walinyoosha mikono. “Mnajua mabonde ya sayari isiyokuwapo,” alisema, “na mto unaopita nyuma ya vyoo vya shule hamjui unakwenda wapi!” Kisha akawapeleka kuufuata mto huo kwa miguu. Mwanawe mwenyewe, mwenye miaka kumi na mmoja, alichapwa viboko vitatu kwa kuiangalia dirishani kwa jirani.

Mwalimu mkuu alifariki miaka sita baada ya tamthilia kwisha, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Ilikuwa saa nne asubuhi, katika chumba cha walimu, naye akisahihisha insha. Nilikuwa meza ya pili. Kalamu yake nyekundu ilianguka, nikainama kuiokota. Nilipoinuka nimpe, hapakuwa tena na wa kupewa. Daktari alisema ni moyo. Hakuna aliyekuwa ametambua lolote kabla ya siku hiyo. Hakuwahi kulalamika hata kwa mafua.

Nimeyaeleza haya kwa utaratibu kwa kuwa yaliyotokea mwaka huu hayaeleweki pasipo hayo.

Kituo kilikuwa kimeamua kuirusha upya tamthilia ile, lakini baada ya kuifanyia ukarabati. Picha za watu zingesafishwa tu. Picha za anga, yaani kazi yote ya Mama Vyombo, zingeondolewa na kuwekwa nyingine zilizochorwa kwa kompyuta. Kwa heshima yake walimwalika aje aione sehemu ya kwanza siku tano kabla haijarushwa. Sasa ana miaka sabini na minane, goti lake la kushoto halimtii, kwa hiyo aliniomba nimsindikize. Mwanawe, ambaye ni mpima ardhi, alituendesha. Yeye amerithi urefu wa baba yake, ukavu wake na kichwa chake, ingawa hukificha chini ya kofia ya kazini hata anapokuwa mezani.

“Shemeji,” nilimwambia njiani, “moyo wako umejiandaa? Nasikia siku hizi kompyuta haiachi kitu.”

“Isiache. Sufuria zangu wazipambe wapendavyo, mimi sina kinyongo. Sayari tu wasiiguse.”

“Mama naye!” alisema mwanawe. “Sayari ile ina nini? Si mpira wa plasta uliopakwa rangi?”

“Wewe angalia barabara.”

“Naangalia.”

“Basi endelea kuangalia.”

Chumba cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili: pazia nene, skrini tatu, nyaya zilizofungwa vizuri kwa utepe, na baridi ya kiyoyozi iliyotulazimisha kukunja mikono. Mtaalamu wa picha alikuwa binti wa miaka kama thelathini, amevaa sweta, miwani ameipandisha juu ya nywele. Alimpokea Mama Vyombo kwa mikono miwili.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Bibi, mimi niliingia katika kazi hii kwa sababu ya chombo chako. Nikiwa mdogo niliangalia marudio yake kila likizo.”

“Kumbe sufuria nazo huzaa!” Tukacheka sote.

Akazima taa. Kwanza alituonyesha chombo peke yake, na kwa kweli kilikuwa kizuri: chuma kinachong'aa, madirisha yenye mwanga, moto wa samawati nyuma. Mama Vyombo akapiga makofi. “Ee! Mmeipeleka sufuria yangu saluni!” Alikagua kila kitu kwa jicho la fundi, akasifu kivuli hiki, akauliza kuhusu kile, wala sikuona wivu hata chembe usoni mwake.

Kisha sehemu yenyewe ikaanza: giza, kinanda, na sayari.

Ilikuwa na mawingu ya zambarau. Ilikuwa na pete. Ilikuwa laini kama kikombe kilichotoka kusuguliwa, nayo ilizunguka taratibu, kimya, pasipo mpigo wowote.

Fimbo ya Mama Vyombo ilianguka sakafuni. Alikuwa amesimama, na sikumwona akisimama.

“Yuko wapi?” aliuliza.

“Nani, Bibi?”

“Nauliza yuko wapi! Mmemweka wapi?”

Binti akasimamisha picha, akawasha taa. Mwanawe alimshika kiwiko. “Mama, kaa. Kaa kwanza. Hapa hakuna mtu aliyeondoka.”

“Ameondoka,” alisema. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, kisha akakaa kama mtu aliyekatwa kamba. “Sayari ile ni baba yako.”

Nafikiri kila mmoja wetu alidhani kwamba umri umemchanganya. Mwanawe alianza kumsemesha kwa sauti ile ya kuwabembeleza wazee, naye akamkatiza. “Sijapungukiwa. Nimesema sayari ni baba yako. Kichwa chake. Huo mpira wa plasta unaousema ulivunjika saa nane mchana, na saa kumi kamera zilipaswa kuanza.”

Akatueleza, na alieleza kama mtu anayetoa kitu kabatini. Mwongozaji alikuwa akipiga kelele. Vipande vya plasta vilikuwa vimetapakaa sakafuni. Mumewe alipita kumchukua ili warudi nyumbani pamoja, akaketi pembeni, akavua kofia ajifute jasho, na taa ya upande ikampiga kichwani. Mpiga picha akasema, “Mwalimu, tafadhali, usitingishike.”

Walimlaza kifudifudi juu ya meza, paji la uso juu ya mto, kitambaa cheusi chenye tundu kikafunika kila kitu isipokuwa kipara. Mama Vyombo alimpaka uji mzito wa unga wa ngano, majivu na rangi nyekundu ya chakula, akachimba mabonde kwa ncha ya kijiko. Taa ilipowekwa chini upande mmoja, mshipa unaopita juu ya sikio ukaanza kuinua vumbi la sayari. Hawakuwa wameupanga. Mwongozaji alinyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo.

“Na alikubali?” niliuliza. “Yeye?”

“Alikubali kwa sababu niliharibikiwa, Mwalimu. Alisema, ‘Mke wangu hatafukuzwa kazi kwa ajili ya mpira.’ Akaniwekea sharti moja tu, kwamba jina lake nisilitaje. Na Jumatatu iliyofuata tamthilia kuanza, akasimama mbele ya shule akawafokea watoto. Nyumbani nikamwambia, wewe huna haya? Akasema, ‘Kama ningenyamaza, wangeniangalia kwa makini.’”

Mwanawe alikuwa amevua kofia bila kujua. “Mimi nilichapwa,” alisema. “Mama, nilichapwa viboko vitatu kwa kumwangalia yeye mwenyewe!”

“Ulichapwa, ndiyo. Na alipomaliza kukuchapa akaja chumbani akaniuliza kama ulisema sayari ni nzuri.”

Mimi nilitambua kwamba nimesimama wima, mikono nyuma, kama tulivyokuwa tukisimama alipoingia katika chumba cha walimu. Miaka yote ile nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu, pazia nimefunga nisionekane, nikakistaajabia kichwa nilichokuwa nikikiogopa siku tano za wiki.

“Hicho tu ndicho nilicho nacho kinachokwenda,” alisema Mama Vyombo kwa binti wa kompyuta. “Picha ziko nyingi ukutani, zimesimama tu. Sauti yake sina. Lakini pale damu yake inatembea. Miaka thelathini na kitu, marudio yakija, mimi huketi nikamwangalia dakika moja na nusu, nikazima. Ndiyo maana nauliza mmemweka wapi.”

Binti alikuwa amejishika mdomo. “Hatujamtupa, Bibi. Filamu ya zamani ipo. Nisamehe, sikujua.” Akageukia mashine, akaanza kutafuta, na nadhani aliendelea kusema kwa sababu ya kutahayari. “Tulijaribu kwanza kuisafisha ileile. Lakini ilikuwa inapepesa, tukadhani ni umeme wa taa. Mashine ina njia ya kupima mpepeso. Huu hapa mstari wake, ona. Inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Tungeweza kuunyoosha, ila haukuwa na mpangilio kamili. Mara nne unapanda vizuri, mara ya tano haupo. Tena mara tatu, halafu haupo. Kama umeme uliokuwa unakatika, kwa hiyo tukaona bora...”

Hapo akaishusha miwani machoni.

Mstari ulikuwa kwenye skrini ya katikati, wa kijani, vilima vidogo vilivyofuatana. Vinne, kisha uwanda. Vitatu, kisha uwanda. Vitano, kisha uwanda. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuvihesabu. Kiyoyozi kilisikika kama lori.

Mama Vyombo aliinua mkono, akaanza kugonga goti lake kwa kidole kufuata vilima. Moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikabaki hewani.

“Huu si umeme,” alisema.

“Bibi, mimi si daktari. Huenda ni...”

“Mpiga picha alisema.” Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. “Alichungulia kwenye kamera akasema, ‘Mama Vyombo, sayari yako ina kwikwi.’ Tukacheka. Hata yeye alicheka kule chini ya kitambaa, uji ukapasuka, na ule ufa mkubwa ukatokea ambao baadaye waliuandikia hadithi nzima. Tulicheka, Mwalimu! Vidole vyangu vilikuwa hapa.” Akajigusa juu ya sikio. “Saa nzima nilikuwa nikimpaka hapa. Sikuhisi kitu.”

Nilitaka kumfariji. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na akili yangu ikafanya kazi yake bila ruhusa: sehemu ishirini na sita, kila wiki, na zaidi ya miaka sita baina ya siku ile na ile kalamu iliyoanguka. Nchi nzima iliketi kila Jumamosi ikaangalia moyo wa mtu ukijikwaa, nasi tukasema, ustadi ulioje! Nami nilikuwa mmojawapo. Tena nilikuwa meza ya pili.

Mwanawe alichuchumaa mbele yake. “Mama, usijibebeshe. Wakati ule nani angejua?”

“Mimi ningejua. Mimi ndiye niliyejua kwamba ni mtu.”

Binti alimpigia simu mkuu wa vipindi, akaiweka simu mezani ili wote tusikie. Alimweleza kwa kifupi na kwa heshima. Upande wa pili ukalipuka. “Unasema kweli? Kichwa cha mwalimu? Hiyo ni habari! Irudishe sayari leo hii, na tuweke jina lake kubwa kabisa mwanzoni, tuite waandishi!”

Mama Vyombo akaisogelea simu. “Baba, nakushukuru. Sayari irudi. Jina halirudi.”

“Lakini mama, watu wangependa...”

“Najua wangependa. Niliahidi mtu, naye hayupo wa kunifungua. Nimeshawaambia watu watatu leo, na wewe wa nne, na nina deni la hao wanne. Usiniongezee.”

Mkuu alikubali, ingawa kwa mguno. Ndipo binti akaleta filamu ya zamani, na yule mzee akajitokeza gizani: mwekundu, mwenye mabonde, ufa ule ukimpita katikati. Sasa kwa kuwa nilijua, nilishindwa kuona sayari. Niliona utosi wa mwalimu mkuu, na juu ya sikio mshipa ukipanda na kushuka. Binti alisema anaweza kuondoa mikwaruzo na kukiacha chombo kipya kikizunguka mbele.

“Kizunguke,” alisema Mama Vyombo. “Alipenda vitu safi.”

“Bibi.” Binti alisita. “Na yale mapigo yanayokosekana? Naweza kuyaziba. Nachukua moja zima nalipachika pale palipo tupu. Hakuna atakayetambua.”

Mama Vyombo aliikazia macho skrini. Mwanawe aliniangalia, nami nikamwangalia. Mwishoni alisema, “Hebu niyaone.”

Ilichukua kama nusu saa. Tuliletewa chai, ikapoa. Kisha binti akazima taa, na sayari ikapiga dakika moja na nusu kamili pasipo kukosa hata mara moja, sawasawa, kama mtu mzima wa afya aliyelala mchana. Mama Vyombo aliinama mbele mpaka mwanga mwekundu ukamjaa usoni. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Picha ilipokwisha aliomba aione tena, akaonyeshwa. Baada ya hapo akatafuta fimbo yake.

“Umefanya vizuri, binti yangu. Kazi safi. Sasa mrudishe alivyokuwa.”

“Una hakika, Bibi?”

“Wakati ule alituambia nasi tukacheka. Asinyamazishwe tena.”

Jumamosi tulikusanyika sebuleni kwake, sisi watatu. Mwanawe alikaa sakafuni mbele ya kiti cha mama yake, kofia magotini, kwa sababu alisema safari hii ataangalia mbele kabisa na aone nani atamchapa. Saa kumi na mbili juu ya alama kinanda kikalia. Mwalimu mkuu akachomoza. Chombo kipya kikampitia mbele kwa madaha, naye hakukijali. Aliendelea na kazi yake ya kupiga na kukosa, kupiga na kukosa. Jirani, nyuma ya ukuta, tulimsikia akiwaambia watoto wake, “Ona! Zamani walikuwa mafundi, nyie!”

Mama Vyombo ameniruhusu niandike, mradi jina nisilitaje, nami sikulitaja. Waliosoma kwake watamjua kwa kipara. Hao nadhani wana haki yao.

Lakini nilianza kueleza kuhusu jioni ile. Sayari ilipotoweka na wasafiri wakaanza kuzungumza, nilimgeukia shemeji yangu, nikaona haangalii tena televisheni. Alikuwa akikitazama kichwa kilichokuwa mbele ya magoti yake, kirefu, kikavu, chenye umri wa miaka hamsini, na hamsini na mmoja mwezi ujao, kikimeremeta kwa mwanga wa skrini. Uso wake ulikuwa uleule wa siku ile fimbo ilipoanguka.

“Sogea huku,” alimwambia mwanawe.

“Mama, tamthilia!”

“Sogea, nimesema.”

Akasogea. Aliweka vidole viwili juu ya sikio la mwanawe, akafumba macho.

“Mama, unanitekenya. Kuna nini?”

“Nyamaza. Nahesabu.”

Nilipunguza sauti ya televisheni. Alihesabu kwa kunong'ona, naye mwanawe, alipoelewa, akaacha kucheka, akatulia tuli kama baba yake chini ya kitambaa. Nne ikapita. Tano ikapita. Ishirini. Alipofika sitini pasipo pigo hata moja kukosekana nilivuta pumzi, nikadhani amemaliza. Hakuondoa vidole.

“Jumatatu unanipeleka hospitali,” alisema.

“Unaumwa wapi?”

“Siumwi. Unanipeleka ili nikupeleke.” Kisha, macho bado ameyafumba, akaanza upya: “Moja.”